Neno huja na jamaa zake

Watu wengi wanaotaka Kiingereza chao kipande daraja huanza na orodha. Wanatafuta maneno ambayo hawajawahi kuyasikia, "ubiquitous", "plethora", "juxtapose", "quintessential", wanayapanga upande wa kushoto wa daftari, tafsiri upande wa kulia, kisha wanakariri. Baada ya muda maneno hayo yanajitokeza kwenye barua ya kuomba kazi, matatu ndani ya sentensi moja. Nakutana nayo kila mara, kwa sababu kazi yangu ni kuhariri ripoti na barua zinazoandikwa kwa Kiingereza na watu ambao, kama mimi, hawakuzaliwa nacho. Na huwa naumia. Maneno yenyewe hayana ubaya wowote, ila naiona bidii iliyotumika, na naiona imepelekwa mahali pasipolipa.

Kurasa zote zilizopita mikononi mwangu zimenifundisha jambo moja: Kiingereza cha juu kinakaa kwenye maneno unayoyajua nusu. Yale usiyoyajua kabisa yatakuja yenyewe, kidogo kidogo, ukisoma.

Hesabu zinaniunga mkono. Mwaka 1953 Michael West alichapisha orodha ya maneno ya msingi ya Kiingereza yapatayo 2,000, na hayo peke yake hubeba takriban asilimia 80 ya maandishi ya kawaida. Mwaka 2000 mtafiti Averil Coxhead wa New Zealand akatoa orodha ya familia 570 za maneno ambayo hayamo kwenye orodha ya West lakini hujirudia katika maandishi ya kitaaluma, uwe unasoma sheria, biashara au sayansi. Familia ya neno ni neno pamoja na watoto wake: "derive", "derived", "derivation", "derivative", wote wanahesabiwa nyumba moja. Hizo familia 570 tu hubeba karibu asilimia 10 ya maandishi ya kitaaluma. Ukiifungua orodha hiyo utashangaa jinsi isivyotisha: "assume", "imply", "sufficient", "attribute", "constraint", "whereas", "nevertheless". Karibu kila mtu aliyemaliza sekondari ameyaona yote. Ni wachache wanaoyatumia bila kuteleza.

Njia bado ni ndefu, sifichi. Paul Nation wa Chuo Kikuu cha Victoria kule Wellington alikadiria mwaka 2006 kwamba ili mtu asome riwaya au gazeti bila msaada, yaani afahamu maneno 98 katika kila 100, anahitaji familia 8,000 hadi 9,000. Kuna anayeweza kuuliza kwa nini 98 na si 95. Piga hesabu. Kwa 98 unakutana na neno geni moja katika kila maneno 50, na maneno yaliyolizunguka yanakusaidia kulikisia. Kwa 95 unakutana na geni moja katika kila maneno 20, yaani karibu kila mstari wa pili, na hayo ambayo yangekusaidia kukisia nayo yameshatoboka. Hapo ndipo wengi huweka kitabu chini na kujiona hawana akili, wakati walichokosa ni kitabu chepesi kidogo.

Kijana mmoja ninayefanya naye kazi aliwahi kuniuliza, "Dada, hakuna neno kubwa zaidi ya 'show'? Nimelitumia mara nyingi mno kwenye ripoti."

Nikamwambia yapo mengi, lakini kwanza aniambie ana uhakika kiasi gani na anachokionyesha.

Kwa kweli hapa ndipo ninapopenda kukaa, na nikianza huwa siachi. "The results suggest" maana yake ushahidi unaelekea huku lakini mwandishi hajafunga mlango. "Indicate" inasogea hatua moja mbele. "Demonstrate" inasimama wima: nimethibitisha, njoo uone. Ukimpa "demonstrate" mtu aliyehoji wakulima wachache kijiji kimoja, umempa kiburi ambacho takwimu zake hazina. Vivyo hivyo kwa maneno ya kueleza aliyosema mwingine. "The committee claimed" humfanya msomaji wa Kiingereza asikie shaka, kama sisi tunavyoisikia katika "kamati ilidai". "Maintain" ni kushikilia msimamo ambao umeshapingwa. "Concede" ni kukubali jambo linalopunguza nguvu za upande wako. "Acknowledge" ni kukubali pia, ila hapa hujashindwa chochote, umekuwa muungwana tu. "Allege" inanuka polisi na mahakama. Yule kijana alikuwa anayajua haya yote. Ukimwuliza maana, angekujibu yote ni "kusema" au "kukubali", na jibu lake lisingekuwa la uongo. Lakini mtu anayeyapima namna hiyo, kwa tafsiri ya neno moja, anaandika Kiingereza ambacho kila neno lina uzito sawa, na msomaji hawezi kujua mwandishi amesimama wapi.

Tuliketi na ripoti yake, tukapitia kila "show". Baadhi tuliziacha kama zilivyo, kwa sababu "show" ni neno zuri na halihitaji kuombewa radhi.

Mwanaisimu wa Uingereza J. R. Firth aliandika mwaka 1957 kwamba neno hujulikana kwa jamaa linaoandamana nao. Miaka thelathini baadaye John Sinclair na timu yake Birmingham walikusanya mamilioni ya maneno ya Kiingereza halisi kwenye kompyuta wakaona kwa macho yao jinsi kauli hiyo ilivyo ya kweli, na mwaka 1987 wakatoa kamusi ya COBUILD iliyotungwa kutokana na mkusanyiko huo. Mfano wa Sinclair ninaoupenda ni "set in". Kamusi ya kawaida itakuambia ni kuanza na kuelekea kudumu. Sawa. Lakini tazama vinavyofanya "set in": kuoza, kukata tamaa, hofu, baridi kali, maambukizi. Karibu vyote ni vibaya. Ukiandika kwamba furaha ime-"set in" nyumbani, sarufi yako haina kosa, lakini msomaji anasikia kama furaha hiyo ni ugonjwa. "Cause" nayo iko hivyo: huandamana na uharibifu, kuchelewa, vifo, matatizo. Kwa mambo mema Kiingereza hupendelea "bring about", "lead to", au hutafuta njia nyingine kabisa. Na "utterly" hupenda kukaa karibu na "ridiculous", "exhausted", "hopeless". Ukiiweka mbele ya sifa njema ya kawaida inasikika ngeni.

Sisi wasemaji wa Kiswahili hatuna sababu ya kushangaa. Tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga picha, tunapiga magoti, tunapiga mbizi, na hakuna anayepigwa. Mgeni anayejifunza Kiswahili akikariri kwamba "piga" ni kugonga kwa nguvu, amejifunza jambo la kweli litakalomfaa mara chache sana. Kiingereza nacho kina "make a decision" na "take a risk" na "pay attention" na "do harm", na hakuna kanuni ya kukuambia kwa nini huwezi kuyabadilishana. Yanajifunzwa yakiwa mawili mawili, tangu siku ya kwanza. Ukishajifunza "attention" peke yake, utakuja kuanza upya kutafuta kitenzi chake.

Tabaka za lugha ni jambo jingine ambalo sisi tuna bahati nalo. Baada ya Wanormandi kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilikaa katika mabaraza ya wakubwa na mahakama kwa karne kadhaa, huku Kilatini kikishika kanisa na elimu. Kiingereza kikabaki na ngazi: "ask" la nyumbani, "question" lililopitia Kifaransa, "interrogate" la Kilatini. "Rise", "mount", "ascend". "Kingly", "royal", "regal". Na sisi tuna uliza, hoji, saili, la kwanza la Kibantu na hayo mawili yaliyotoka Kiarabuni, na hakuna anayehitaji kufundishwa kwamba mama hamsaili mtoto wake amekula nini. Kwa hiyo hisia ya ngazi tayari unayo masikioni. Unachotakiwa ni kuiamsha unapoandika Kiingereza, uache kudhani kwamba neno la ngazi ya juu ndilo bora. "Commence" ina mahali pake kwenye mkataba. Kwenye barua kwa mwenzako, "start" inatosha na inapendeza zaidi.

Kuhusu mizizi ya Kilatini na Kigiriki, nina mapenzi makubwa na tahadhari kidogo. Chukua "grex", neno la Kilatini la kundi la mifugo. Kutoka humo zimetoka "congregate", kukusanyika kundini. "Segregate", kutengwa na kundi. "Aggregate", kilichojumlishwa pamoja. "Gregarious", mtu apendaye watu. Ukishaziona hivyo hazitoki kichwani tena. Kisha linakuja "egregious", aliyetoka nje ya kundi. Zamani lilimsifu mtu aliyewazidi wenzake. Leo hutumika kwa kosa la wazi lisilovumilika: "an egregious error", "an egregious violation". Mzizi ungekudanganya. Mzizi unakusaidia kukumbuka neno, lakini hauna habari ya jinsi neno linavyoishi sasa. Hilo utalijua kwa kulisoma likiwa kazini.

Ndiyo maana daftari langu halina safu mbili. Kila neno lina ukurasa wake, au nusu ukurasa. Juu kabisa naandika sentensi nzima niliyolikuta, jinsi ilivyo, pamoja na aina ya maandishi ilikotoka: hukumu ya mahakama, makala ya afya, riwaya. Chini yake naandika jamaa zake kadiri ninavyokutana nao. Ukurasa wa "mitigate", kwa mfano, una "risk", "effects", "damage", "impact" na "mitigating circumstances", na kando nimejiandikia kwamba kinachopunguzwa makali ni madhara, mtu hapunguzwi. Ukurasa wa "tentative" una "agreement", "conclusion", "steps", "smile". Nilipoongeza hilo la mwisho ndipo nililielewa neno zima: makubaliano ambayo hayajafungwa na tabasamu ambalo bado linasitasita kama lipokelewe au la, ni hali ileile. Mwisho naandika sentensi yangu mwenyewe kuhusu jambo la kweli lililonitokea siku hiyo. Sentensi za kubuni kuhusu John na Mary hazishiki. Ya kwangu inashika kwa sababu nilikuwepo.

Tafsiri ya Kiswahili huwa naiweka pia, kwa penseli, kwa sababu mara nyingi hubadilika ukurasa unapojaa.

Kusahau nako lazima kupangiwe. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejitahini mwenyewe kwa silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 jinsi tunavyopoteza sehemu kubwa ya tulichokariri mapema kabisa, kisha upotevu unapungua kasi. Mwandishi Sebastian Leitner alieneza katika miaka ya 1970 mtindo wa kadi katika visanduku: unayoikumbuka inasogea kisanduku cha mbele na utaiona baada ya muda mrefu zaidi, unayoisahau inarudi mwanzo. Programu ya Anki, iliyotoka 2006, hufanya kazi hiyo kwenye simu. Naitumia. Ila kadi zangu hazina neno upande mmoja na tafsiri upande wa pili. Upande wa kwanza una sentensi yenye pengo, pamoja na jamaa wote wa lile neno, na mimi nalitafuta lililokosekana. Kujikamua ukumbuke hujenga zaidi kuliko kusoma tena mara kumi huku ukitikisa kichwa kwamba unajua.

Lakini kadi ni msaidizi. Kinachonijazia daftari ni kusoma, na kusoma kwa kung'ang'ania jambo moja. Kwa muda mrefu sasa nasoma kuhusu historia ya kutafuta longitudo baharini, yaani meli kujua iko umbali gani mashariki au magharibi, jambo ambalo saa isiyokosea huliwezesha: jinsi Bunge la Uingereza lilivyoahidi mwaka 1714 zawadi ya hadi pauni 20,000, na jinsi John Harrison, seremala aliyejifunza saa mwenyewe, alivyotengeneza saa iliyopelekwa Jamaica mwaka 1761 kwa majaribio. Faida yake ni kwamba maneno yaleyale hurudi bila mimi kuyatafuta. Kila mwandishi wa habari hii anahitaji "drift", "deviate", "discrepancy", "compensate", "reliable". "Compensate" nililijua kama fidia ya mkataba. Humo nikalikuta likifanywa na chuma kinachosawazisha athari za joto ndani ya saa, na maana mbili zikaungana. Tofauti ya "accurate" na "precise" nilikuwa nimeisoma kwenye kamusi, ikanipita. Kwenye saa haikunipita: saa inayochelewa sekunde zilezile kila siku bila kubadilika ni "precise", ila bado haijawa "accurate". Mtu anayesoma habari leo ya mpira, kesho ya uchumi, keshokutwa ya afya, hukutana na maneno mengi mara moja moja. Chagua unachokipenda kweli, hata kama ni ufugaji wa nyuki, ukae humo mpaka maneno yake yawe ya kwako, ndipo uhamie kwingine.

Kuna maneno madogo ambayo wanafunzi wazuri huyadharau, na hili linanisikitisha kuliko mengine. Toleo la pili la Oxford English Dictionary, la mwaka 1989, lenye juzuu 20, lilitoa kwa kitenzi "set" maana zaidi ya 400. Mtu anaweza kujua "exacerbate" na bado akapotea kwenye "put up with", "put it down to", "put off" na "put out". Wazungumzaji wa Kiingereza huishi humo. Mkutano mzima unaweza kupita bila "exacerbate" hata moja, lakini "come up with" itasikika kila mtu anapofungua kinywa. Nayapa kurasa kama maneno mengine, na mara nyingi kurasa zake ndizo hujaa kwanza.

Kamusi ya visawe nayo inahitaji mkono mtulivu. Peter Mark Roget alipotoa ya kwake mwaka 1852 aliwaandikia watu ambao tayari waliyajua maneno na walitaka kukumbushwa tu. Ukiitumia kutafuta usiyoyajua, inakupa ukoo bila tabia zake. Tafuta "thin" utapewa "slim", "slender", "skinny", "gaunt". Mbili za kwanza ni sifa. "Skinny" mara nyingi ina dharau ndani yake. "Gaunt" ni mtu aliyekondeshwa na maradhi, njaa au mawazo. Sasa fikiria barua inayomsifia bibi harusi kwa "gaunt". Nikitoa kisawe huko, nakipeleka kwanza kwenye kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa wanaojifunza. A. S. Hornby aliijenga ya kwake alipokuwa akifundisha Japani, na ile ya Longman ya mwaka 1978 ilieleza maneno yote kwa kutumia maneno ya msingi kama 2,000 tu. Kamusi za namna hiyo hukuonyesha jamaa wa neno kwenye mifano, na mifano ndiyo ninayoisoma kabla ya maana.

Matamshi nitayagusa tu. Mkazo wa Kiswahili unajulikana ulipo, silabi ya pili kutoka mwisho. Wa Kiingereza huhama ndani ya familia moja: PHOtograph, phoTOgrapher, photoGRAphic. Neno ulilolisoma tu na hukuwahi kulisikia litakuogopesha siku ya kulisema, na utalikwepa, kwa hiyo lisikilize mapema. "Epitome" ina silabi nne. "Subtle" haitamki b.

Ukurasa ninaoujaza wiki hii ni wa "yield". Utafiti hu-"yield" matokeo, shamba hu-"yield" mazao, hati fungani zina "yield" yake, mlango uliosukumwa sana hatimaye hu-"yield", na kiongozi hu-"yield" kwa shinikizo. Nilidhani upande wa watu daima ni kusukumwa, mpaka nikakutana na mbunge aliye-"yield the floor", amekaa kwa hiari yake ili mwenzake aseme. Nimeiandika chini ya nyingine, na pale kando nilipokuwa nimeandika "kusalimu amri" kwa penseli nimefuta, nikaweka "kutoa, kuachia, kupisha". Kama umewahi kukutana nalo mahali ambapo sijapataja, niandikie. Ila nipe sentensi nzima.